Kulipeleka Jipu Kalinzi

Niliondoka Ujiji kwenda Kalinzi kwa sababu moja tu: nilitaka kuachana na gari. Walionijua walishangaa. Miaka ile nchi ilikuwa bado changa, watu wa milimani walikuwa wakihamia vijiji vya ujamaa, na mtu wa Ujiji mwenye gari lake mwenyewe ungeweza kumtaja kwa jina. Mwanamke mwenye gari nilikuwa mimi peke yangu.

Jipu lile alilinunua marehemu mume wangu, Ramadhani, kwenye mnada wa magari chakavu. Alikuwa fundi, akapenda kusema kwamba jipu la gari na jipu la mwilini ni ndugu, yote mawili yanakunyima usingizi. Udereva alinifundisha kwa haja yake mwenyewe. Alitaka mtu wa kukaa kwenye usukani na kukanyaga anapoambiwa akanyage, yeye akiwa amelala chini ya injini. Baadaye tukawa tunakwenda kwenye tambarare karibu na ziwa, nami nikaendesha huku yeye akisikiliza gia.

Alipofariki aliniachia nyumba, binti yetu Zaituni, na jipu. Nyumba haikunisumbua. Jipu lilikuwa na betri iliyokufa, kwa hiyo kila asubuhi lilipigwa hendeli au lilisukumwa. Rejeta ilivuja, nami niliiziba kwa kipande cha sabuni ya mche. Springi ikikatika, nilisubiri nyingine ije na treni kutoka Dar es Salaam, na ikifika nakuta si yenyewe. Leo petroli ipo, kesho haipo. Jumapili mchana magari yalikatazwa kutembea, na hiyo ndiyo ilikuwa siku yangu ya kupumzika.

Halafu kuna watu. Mwenye harusi alikuja kwangu, mwenye mgonjwa alikuja kwangu, mwenye magunia ya dagaa pale Kibirizi alikuja kwangu. Sikuweza kukataa, maana wote walikuwa majirani au ndugu wa marehemu. Lakini gari likikwama, lawama zilikuwa zangu. Siku moja lilizama kwenye mchanga wa Bangwe nikiwa nimepakia wafiwa. Tulipofika makaburini watu walikuwa wanatawanyika. Shangazi wa yule aliyezikwa hakuniitikia salamu tena tangu siku hiyo.

Ndipo nikasikia kwamba kijiji kimoja huko Kalinzi kinatafuta gari la kupandia milima. Hamisi, mdogo wake Ramadhani, alikwenda kuzungumza nao wakaelewana, bei nayo ikakubaliwa. Lilibaki jambo moja, kulifikisha. Mwenyekiti wa kijiji alisema kamati itanisubiri Jumatano kabla ya adhuhuri. Nisipotokea, watachukua gari jingine walilokwisha kuliona Kasulu.

Jumatano baada ya swala ya alfajiri majirani wanne walilisukuma jipu kwenye mteremko wa mtaa wetu. Liliwaka mara ya pili. Hamisi alipanda pembeni yangu na bunda la kamba ya nyavu mapajani. Yeye ni mvuvi, hatoki nyumbani bila kamba.

"Shemeji," aliniambia, "mimi ziwani sijawahi kuogopa. Lakini milima ile naiogopa."

"Usiangalie chini."

"Nisipoangalia chini nitajuaje kama tunaanguka?"

Mjini Kigoma tulipata petroli baada ya kusubiri kwenye foleni kwa muda mrefu. Tulipotoka Mwandiga jua lilikuwa limeshaanza kuchoma. Kuanzia hapo barabara inaacha joto la ziwa na kupanda, udongo unakuwa mwekundu, na migomba inaanza kusogea karibu na barabara. Niliingiza gia ya magurudumu yote manne, na jipu likaanza kupanda polepole kama mtu mwenye pumu.

Kwenye kijito cha kwanza rejeta ilichemka. Tulisimama, Hamisi akaweka jiwe nyuma ya gurudumu. Mama mmoja aliyekuwa akifua alitusalimia, "Bwakeye," kisha akatazama mvuke ukitoka mbele ya gari.

"Linaumwa?" akauliza kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kiha.

"Lina kiu tu, mama."

Alinipa kibuyu chake nichotee maji. Wakati wa kupoza injini ndipo nilipogundua tatizo kubwa zaidi. Nilikanyaga breki, mguu ukazama mpaka sakafuni. Nilikanyaga mara tatu ndipo ikashika, tena kwa shida. Mafuta ya breki yalikuwa yakivuja kwenye gurudumu la nyuma. Nilimwambia Hamisi kwamba wakati wa kupanda haina neno, tutaliacha huko huko juu na fundi wa kijiji atalishughulikia. Nilikuwa nimekwisha kuamua nitawaambia wanunuzi ukweli.

Yapata saa nne, tukiwa tumeshapita kona nyingi na tukijua tumebakiza mwendo mfupi, tulikutana na watu wakiteremka kwa haraka. Wanaume wanne walikuwa wamebeba mtu kwenye machela ya miti na mkeka. Nyuma yao alitembea mwanamke kijana aliyebeba kibegi na khanga iliyolowa damu. Walipotuona walisogea kando watupishe.

Nilizima gari. Aliyebebwa alikuwa mwanaume wa makamo, midomo imekauka, paja limefungwa kwa vitambaa. Mwanamke alikuwa mkewe, jina lake Eliza. Alinieleza kwa ufupi. Jana yake jioni mumewe, Bukuru, alikuwa akibomoa nyumba yao ya zamani, mbali huko juu, ili miti yake ikajengee nyumba mpya kijijini. Boriti ilivunjika, akaanguka nayo, na ncha yake ikamchoma pajani. Walikuwa wametoka kabla jua halijachomoza, na damu ilikuwa haijakata kabisa.

"Mnakwenda hospitali ya Kigoma kwa miguu?" niliuliza.

"Ego, ndiyo. Hatuna kingine."

Hamisi alinivuta pembeni. Alisema maneno ambayo hata mimi nilikuwa nayo moyoni. Kamati inatusubiri. Tukirudi leo, gari la Kasulu litachukuliwa na sisi tutabaki na hili. Na hata tukitaka kurudi, breki haipo, na mteremko ule ni mrefu.

"Shemeji, ukiwaua wote saba utasema nini?"

Nilirudi kwa Eliza. Sikutaka kumficha. "Mdogo wangu, gari hili breki zake zimeharibika. Naweza kuwapeleka, lakini siwaahidi usalama."

Aliwatazama wale wanaume wanne. Mmoja alikuwa ameketi chini, mabega yake yamechubuka. Akamtazama mumewe. "Kwa miguu tutafika jioni," alisema. "Jioni atakuwa amekwisha. Tupakie, mama."

Mmoja wa wabebaji alikuwa na panga kiunoni. Nilikumbuka kwamba wapasua mbao wa milimani huteremsha mikokoteni yao wakiwa wameburuta gogo nyuma ili isiwakimbie. Nilimwambia Hamisi, naye akaelewa kabla sijamaliza. Walikata mti mnene ulioanguka kando ya barabara, kipande kirefu kuliko mtu, na Hamisi akalifunga gogo hilo nyuma ya jipu kwa kamba yake ya nyavu, fundo juu ya fundo, akivuta kwa mguu kama anavyovuta nanga. Hapo woga wake ulimtoka. Ilikuwa kazi anayoijua.

Lakini kwanza ilinibidi kugeuza gari, maana lilikuwa linatazama juu. Barabara ilikuwa nyembamba, upande mmoja ukuta wa udongo, upande mwingine shamba la kahawa lililo chini sana. Nilikwenda mbele kidogo, nikarudi nyuma kidogo, mara nyingi nisizozihesabu, wanaume wakiweka mawe kila gurudumu liliposimama. Mara moja gurudumu la nyuma lilikaa kwenye ukingo na mawe madogo yakaanza kuporomoka. Nikaiachia klachi taratibu, magurudumu yote manne yakashika, gari likatoka.

Tulimlaza Bukuru nyuma, kichwa kwenye mapaja ya Eliza. Wanaume wawili walipanda kumshika asiteleze. Wawili waliobaki walitangulia kwa mbio kuwaondoa watu barabarani.

Mteremko ule nilikuwa nimeupanda kwa muda wa kama saa moja. Kuuteremka nilichukua muda mrefu zaidi. Niliweka gia ndogo kuliko zote, sikugusa klachi hata kidogo, na gogo liliburuzika nyuma yetu likichimba mfereji na kutimua vumbi jekundu. Injini ilikuwa ikilia. Kila gari liliposhika kasi kidogo, gogo lililivuta nyuma. Kwenye kona kali Hamisi aliruka chini, akalisukuma gogo kwa mguu lisinase kwenye ukuta, kisha akapanda tena akihema. Hakuna aliyezungumza isipokuwa Eliza, ambaye muda wote alimwambia mumewe mambo ya nyumbani, mbuzi aliyezaa, mahindi yaliyoota, kana kwamba wameketi jikoni.

Kwenye kona ya mwisho kabla ya tambarare, kamba ilikatika. Niliusikia mlio wake, kisha nikalihisi jipu likijirusha mbele kama limefunguliwa. Breki nilikanyaga, haikuwepo. Upande wa kulia kulikuwa na shamba la mihogo lililolimwa matuta karibuni. Nilikata usukani nikaingia humo. Tulirushwa mara mbili, tatu, kisha udongo laini ukayameza magurudumu na gari likasimama lenyewe, injini bado inawaka.

Nikageuka nyuma. Bukuru alikuwa amefumbua macho. "Tumefika?" akauliza.

"Bado, baba," nilimjibu. "Lakini milima imekwisha."

Mwenye shamba alikuja amekasirika, lakini alipoona machela aliweka jembe chini na kutusaidia kusukuma. Mara nyingi nimelilaani jipu lile likizama kwenye udongo. Siku ile nilishukuru lilizama, na nilishukuru tena lilipotoka.

Hospitalini walimpokea upesi. Tuliketi kwenye benchi nje, Hamisi na mimi na wale wabebaji wawili, nguo zetu zote zimekuwa rangi ya udongo. Mganga alitoka alasiri akifuta mikono. Alisema mshipa mkubwa haukukatika, damu aliyopoteza ni nyingi, lakini atapona. Eliza alikaa chini pale pale sakafuni, akaegemeza kichwa ukutani na kufumba macho. Hamisi alikwenda nyuma ya jengo, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Alisema ni vumbi.

Alhamisi yote ilikwenda kwa fundi. Alikuwa mzee wa mjini aliyemjua Ramadhani. Alifungua gurudumu la nyuma, akanionyesha mpira wa breki uliochanika, akachonga mwingine kutoka kwenye mpira mnene wa mashine kuukuu. "Mumeo angefanya vizuri zaidi," alisema, "lakini utashika."

Ulishika. Ijumaa asubuhi tulipanda tena. Nilikuwa nakwenda kuomba radhi tu, nikijua kwamba gari la Kasulu limeshanunuliwa.

Mwenyekiti, mtu mrefu aliyevaa koti kwa sababu ya baridi ya huko, alitupokea kwenye ofisi ya kijiji yenye kuta ambazo hazijakauka. Nilimwamkia, nikaanza kueleza kwa nini sikufika Jumatano. Alinyanyua mkono.

"Mama Zaituni, wabebaji wetu wawili wamesharudi. Tumesikia yote. La Kasulu tumewaambia wakae nalo."

"Ndugu Mwenyekiti, kabla hamjalichukua nisikilizeni." Nikamtajia moja baada ya jingine: betri, rejeta na sabuni yake, springi ya kushoto, breki iliyochongwa jana. Wajumbe wa kamati walitazamana.

"Gari lisilo na kasoro," alisema Mwenyekiti, "lisingepanda mpaka huku kwetu. Hili limekwisha kuonyesha linaweza kufanya nini."

Mchana ule nilimfundisha dereva wao, aliyewahi kuendesha lori la mkonge. Nilimwonyesha namna ya kushika hendeli, kidole gumba upande mmoja na vingine, ili ikirudi kwa nguvu isimvunje. Alijaribu, jipu likawaka kwa mkono wa mtu mwingine. Nilidhani nitalia. Badala yake nilihisi kama nimetuliwa mzigo ambao nimeubeba kichwani muda mrefu mpaka shingo ikasahau.

Jumamosi tuliteremka kwa miguu. Kutoka huko juu ziwa linaonekana pana na jeupe, na milima ya Kongo ng'ambo kama moshi. Katikati ya njia mvua ilianza. Nilijikuta nikisubiri wasiwasi uje, wa matope, wa waya kulowa, haukuja. Nilikuwa mtu anayelowa tu. Hamisi alivua viatu, akaimba mpaka Mwandiga.

Nimefikiri sana nilichojifunza kwenye safari ile. Nilikuwa nikidhani kwamba kulishika jipu ni kumshika Ramadhani, na kuliacha ni kumwacha. Lakini alichoniachia hasa kilikuwa mikononi na miguuni mwangu. Kilikuwepo kwenye mteremko ule, na nilipotembea bila gari bado nilikuwa nacho.

Kabla ya kwenda nyumbani tulipita hospitali. Bukuru alikuwa ameketi kitandani akinywa uji, amekonda, lakini anauliza kama kuna aliyeifunika miti ya nyumba yake isinyeshewe. Eliza alitusindikiza mpaka nje. Alitazama uani, huku na huku.

"Gari liko wapi, mama?"

"Liko kwenu," nilimwambia. "Ni la kijiji sasa."

Akatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu.

"Basi Bukuru harudi kwa mabega ya watu," alisema. "Watakuja kutuchukua."