Daftari la Kisima cha Lopur

Mwanangu, kuna asubuhi moja ya mwaka elfu mbili na kumi na tatu ambayo hunijia hadi leo, hasa mchana wa jua kali usingizi unaponinyemelea. Naiona Lodwar, vumbi likielea barabarani, mikoma ya kando ya mto Turkwel ikiyumba kwenye joto kana kwamba haigusi ardhi. Nilikuwa kijana, na nilijiona mkubwa.

Chama chetu kidogo kilikuwa kimeshindwa uchaguzi. Kiongozi wetu Akai, mwalimu wa zamani, akachagua wasemaji sita wa upinzani, kila mmoja afuatilie idara moja ya serikali. Mimi akanipa maji. Nililipenda jina lile mno, msemaji wa maji! Nilizunguka vijijini na daftari nikiandika visima vilivyoharibika. Kule Lopur, karibu na Kakuma, wanawake walinionyesha pampu yao iliyokufa. Nikawaahidi kwamba habari yao itafika.

Kisha, asubuhi ile niliyoitaja, Akai alipanga upya kikosi chake cha wasemaji. Maji akampa Nawoi, binti mpole asiyejua kupaza sauti. Mimi akanipeleka Kakuma, nisikilize wenyeji na wakimbizi wanaofanya biashara pamoja.

"Nimekosa nini?" nikauliza.

"Hujakosa. Kakuma inataka mtu anayejua kukaa na watu."

Sikumwamini. Nawoi aliponiomba daftari, nikamwambia limepotea. Lilikuwa ndani ya mkoba, begani mwangu.

Wiki zikapita polepole, kama siku za homa. Kisha nikapita Lopur, nikamkuta mama mzee, Nakali, akichimba mchanga wa mto mkavu kutafuta maji. Vidole vyake vilikuwa vimechubuka.

"Ejok, Mama," nikamsalimu.

Akaendelea kuchimba. "Maji yetu iko wapi?"

"Mama, siku hizi mimi si wa maji. Walinibadilisha."

"Walibadilisha wewe. Kiu yetu hawakubadilisha. Hiyo maneno tulikupa ni yetu, si yako."

Nilirudi Lodwar siku hiyo hiyo juu ya lori la mbuzi, nikamkabidhi Nawoi daftari mbele ya Akai, nikasema ukweli wote. Akai alisoma kila ukurasa bila kuniangalia, kisha akaniondoa kikosini kabisa. Naye Nawoi, kwa sauti yake ile ndogo, alikaa nje ya ofisi ya maji siku tatu mpaka fundi akatumwa Lopur. Nilienda na fundi huyo, nikimbebea mabomba. Maji yalipotoka, Nakali alikunywa kwanza, kisha akanipa kikombe.

Basi mwanangu, ukipewa kazi ya watu, jua kwamba siku moja utaondolewa, na pengine hutaambiwa sababu. Nuna ukitaka, mimi pia nilinuna, lakini kabidhi kwanza. Mwambie anayekufuata kila unachojua, hata kama unamwona hafai. Mungu akupe mikono isiyong'ang'ania, na mvua iwanyeshee wote watakaokutegemea.