"Syana ni Nzeo?"

Nilimpokonya mwanafunzi wa uuguzi kalamu. Sikumwomba. Alikuwa ameshaandika kwamba watoto wa boma hili ni wazima, anageuka kwenda zake, viatu vyake vyeupe vikikwepa mavi ya mbuzi.

"Rudi," nikamwambia. "Keti."

"Niketi wapi, mama? Tumechelewa."

"Hapo kwa kigoda. Ama sketi itachafuka?"

Boma lilikuwa la mke wa shemeji yangu, ng'ambo ya mto mkavu wa mchanga. Ni mwaka ule wa njaa tulikula mahindi ya manjano ya serikali, na watoto walikuwa wakiharisha kila mahali. Chuo cha wauguzi kilikuwa kinatuletea wanafunzi wajifunze kazi ya vijijini, na kwa vile nilifika kidato cha nne, zahanati ilinichagua niwaonyeshe njia, mtoto wangu mgongoni.

Huyu binti hakuwa mgeni. Mkamba wa Mwingi, Kikamba chake kitamu kuliko changu. Mgeni ningemsamehe. Alisimama mlangoni, karatasi kifuani, akauliza vile alivyofundishwa: "Syana ni nzeo?" Watoto ni wazima? Mke wa shemeji akajibu vile sisi sote hujibu: "Ni nzeo." Tiki.

Sasa, nani kwetu hajui? Hiyo si habari, ni salamu. Hata nyumba ikiwa inaungua, mtu akikusalimia mlangoni unajibu nzeo. Akishapewa kigoda, akishapewa maji, mkishaulizana mvua na mbuzi, ndipo unashusha sauti useme, "Lakini..." Aliyesimama ni mpita njia, na mpita njia haambiwi mambo ya nyumba. Nyanya yake huyo binti alimlea hivyo hivyo. Halafu chuo kikamvalisha yunifomu, kikamwambia asiketi, asichelewe.

Aliketi, amenuna. Maji yakaletwa kwa kikombe, rangi ya udongo. Akayatazama.

"Si lazima unywe," nikamwambia. "Shika tu."

Akashika. Tukazungumzia mbuzi. Kisha mke wa shemeji akasema polepole, kama anayesimulia mambo ya jirani, "Lakini huyu mdogo, tangu juzi hakuna kitu kinakaa tumboni."

"Aiya, mwaitu, mama yangu!" binti akashtuka. "Si umesema ni nzeo?"

"Ulinisalimia, mwanangu. Ningekutukana?"

Binti aliingia ndani mbio. Nikamfuata. Macho ya mtoto yalikuwa yamezama. Binti alimfinya ngozi ya tumbo, ikabaki imesimama, na mtoto hakulia. Hapo binti akasahau kununa.

"Pakiti za chumvi na sukari ziko wapi?" nikamuuliza.

"Kwa gari."

Kwa gari! Dawa barabarani, ugonjwa ng'ambo, na katikati mchanga. Alivua viatu. Mimi nikabeba wangu nyuma na wa shemeji mbele, mama yake akitufuata akiomba Mungu kwa sauti.

Mwalimu wao alikuwa kivulini, karibu na gari. Akatazama saa, kisha karatasi ya binti.

"Hili boma si limeandikwa wazima? Mnaniharibia ripoti."

"Ripoti yako iko hapa," nikasema, nikamwonyesha mtoto. "Inakufa."

"Mama, tafadhali. Kila mwanafunzi akiketi kunywa maji, tutamaliza maboma lini? Wana mtihani hawa."

Huku anaongea, binti alichukua thamosi ya mwalimu, akamwaga chai, akaisuuza, akapima maji safi ya chupa yake mwenyewe, akakoroga pakiti humo. Hakuomba ruhusa. Tukamnywesha mtoto kijiko kwa kijiko mpaka jua likageuka, akanikojolea mapajani. Sijawahi kufurahia mkojo namna hiyo.

Lakini hasira haikuisha. Nilikumbuka maboma yote niliyowapitisha, yote tiki, yote nzeo, na sisi tumesimama. Nikamwomba mwalimu turudi hata kwa yale ya asubuhi ile. Akawasha gari, akaondoka.

Kwa hiyo kamati ya zahanati ilipokaa, na mwalimu akiwepo, nilisimama. Mwenyekiti akasema, "Mama, keti kwanza utulie."

"Nitaketi mkishaandika."

"Yaani unashtaki chuo?" mwalimu akacheka. "Kwa sababu ya kigoda?"

"Ndiyo. Kwa sababu ya kigoda." Nikamgeukia karani, na nikamtajia polepole ili asiseme hakusikia:

"Mimi, mama wa boma lililo karibu na barabara, ninalalamika rasmi juu ya chuo cha wauguzi. Kinawafundisha wanafunzi kuuliza habari za wagonjwa wakiwa wamesimama, na kuandika salamu kama jibu. Ninataka mwanafunzi asiandike neno kabla hajaketi na kungoja 'lakini'. Ninataka pakiti za dawa zivuke mto mikononi mwao, zisibaki kwa gari. Na maboma yote yaliyoandikwa wazima safari hii yarudiwe, mwalimu mwenyewe akiwepo, kuanzia yale ya ng'ambo."