Makengeza ya Babu

Ombi langu la kutambuliwa kuwa raia lilikataliwa kwa sababu babu yangu alikuwa watu wawili. Mimi nilikuwa nimeandika jina alilopewa na wazazi wake. Baba mdogo, aliyejiandikisha miaka mingi kabla yangu, alikuwa ameandika lile lililojulikana Griftu nzima: Makengeza. Kwetu kila mtu ana jina la utani, na likishika limeshika. Ofisi ya Garissa, iliyojaa watu wa bara, ingejuaje? Waliona baba yangu na baba mdogo, ndugu wa tumbo moja, kila mmoja na baba yake, wakakataa.

Barua ilinipa siku thelathini za kuomba uamuzi uangaliwe upya. Nilipoipata, tuliporudi kutoka malishoni, ilikuwa na miezi mitano, mwenye duka anayetupokelea barua amefunika nayo kopo la sukari. Nilikasirika hata nikasahau kumsalimia. Chuo cha ualimu kilikuwa kimeniwekea nafasi mpaka mwisho wa mwezi ule, na bila kitambulisho ningerudi kuchunga mbuzi na vyeti vyangu mfukoni.

Nikamchukua ayeeyo, bibi yangu, mjane wa huyo babu, tukapanda lori la mbuzi hadi Garissa. Shahidi gani angempita mke?

"Mbona mmechelewa?" karani aliniuliza.

"Tulihama."

"Mkaenda wapi?"

"Kwenye mvua," nikasema, maana ndiko tulikowapeleka ngamia.

Aliandika hivyo hivyo kwenye nafasi ya sababu, kisha akamgeukia bibi.

"Nyanya, huyu Makengeza ndiye aliyekuwa mume wako?"

Hapo ndipo nilipotambua ujinga wangu. Jina la kasoro husemwa sokoni, kisimani, popote, ila mbele ya mke wa mwenye kasoro. Sikuwahi kumsikia mtu akilitamka mbele ya ayeeyo.

"Habana," alisema. "Bwana yangu macho yake sawa."

Nikamnong'oneza kwa Kisomali akubali tu, yaishe. Alinijibu kwa Kiswahili, ili serikali nayo isikie.

"Nidanganye ofisini? Wallahi habana. Macho yake sawa, mzuri kabisa."

Karani akaanza kuandika kwamba shahidi hamjui mtu huyo. Nilikuwa nimejiapiza kutolia mbele ya mtu wa serikali. Nililia, tena kwa kwikwi, na kamasi juu. Wakati ule nilimchukia babu, nikamchukia baba mdogo, nikamchukia na ayeeyo kwa mapenzi yake yasiyojua wakati.

Ayeeyo alinitazama nikilia. Kisha akagonga meza kwa kidole.

"Andika," alimwambia karani. "Jicho moja tu. Ya kushoto. Lakini hiyo ndio ilikuwa inaangalia mimi."

Karani alisita, akaandika, akaipeleka faili chumba cha ndani. Ilirudi na muhuri wa kukubaliwa. Nilitaka kucheka na kupiga vigelegele, lakini uso wa ayeeyo haukuniruhusu.

Nje nilimshika mkono ili nimshukuru. Aliutoa taratibu, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Miaka arobaini sikuliona jicho lile," aliniambia kwa Kisomali. "Sasa nikimwota, atakuja nalo."