Siku Nilipomwambia Mkwe Wangu Ainame

Shule niliishia darasa la pili, lakini moshi naujua. Nimezaliwa Tindiga, nimepikia mafiga tangu utotoni, na sasa nakaanga mihogo hapa Mikumi, kando ya maegesho ya malori. Moshi ukizidi, inama, maana moshi hupanda juu. Ndivyo nilivyofundishwa, nami nikafundisha wengine.

Mwaka jana likaanza kupita lori la majaribio. Injini yake ilizungusha jenereta tu, na umeme wa jenereta ndio uliosukuma magurudumu. Dereva wake ni rika la wajukuu zangu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Mbona gari lako halifuki moshi? Limekufa?"

"Halina kaboni, bibi. Yale masizi ya sufuria yako."

"Sufuria yangu iache."

Nikapitisha kitambaa cheupe kwenye bomba la moshi. Kikatoka cheupe. Nilishtuka, sikuficha.

"Linakunywa nini?"

"Amonia. Jamaa ya mbolea ya chumvichumvi. Ila ukisikia harufu yake, kimbilia upepo unakotoka."

Nikamcheka. Mtu niliyefuga mbuzi, harufu itanikimbiza?

Basi siku moja adhuhuri, lori limesimama, mpira wa kupitisha amonia kwenye tangi lake ukachomoka. Macho yakawaka, koo likafunga. Mkwe wangu, mke wa kitinda mimba wangu, alikuwa kando yangu akimenya mihogo, na mimba ya miezi saba. Akageuka akimbie.

Nikampigia kelele: "Unakwenda wapi? Inama!"

Akainama.

Nami nilikuwa naanza kuinama nilipoona wingu lile jeupe halipandi. Limelala chini, zito, la baridi, linatambaa kama maji ya mafuriko. Likamfunika kichwa. Mimi ndiye niliyemtia mle, kwa mdomo wangu.

Dereva akaja mbio, amejifunga kitambaa kibichi puani. Tukamshika makwapani, tukamburuta hadi upande upepo unakotoka, tukammwagia machoni ndoo yangu nzima ya maji. Alikohoa, hawezi kusema neno. Nikaweka mkono tumboni mwake. Kimya. Sikuutoa njia nzima ya kwenda zahanati kwa gari la jirani, na tulipokuwa tunamshusha garini ndipo mtoto akapiga teke.

Siku ya tatu, muuguzi aliposema wote wawili watapona, nikakaa kando ya kitanda. Kwetu mama mkwe haombi radhi. Nikaomba.

"Nisamehe, mwanangu."

Akatazama mlangoni, kama anatafuta ninayemwambia. Kisha akasema, sauti inakwaruza:

"Mama, mimi niliona wingu liko chini."

"Uliliona?"

"Niliona. Lakini wewe ulishasema."

Nikamwambia, siku nyingine ukiniona nakosea, nikatalie, hata mbele za watu.

Akaitikia, "Ndiyo, mama."

Mtoto sasa anatambaa. Mama yake hajanikatalia hata mara moja.