Jibini Iliyomngoja Papa

Harufu ya jibini inayoungua juu ya mikate midogo, ndani ya pipa lililogeuzwa tanuri, kwetu ilikuwa na maana moja tu: Papa amerudi. Tulikaa Tshopo, Kisangani, karibu na bwawa la umeme. Tulisikia maji yake mchana na usiku na bado tukala gizani, kwa sababu umeme ulipita juu ya vichwa vyetu ukaenda kwa wengine. Papa alikuwa mfanyabiashara wa kutoka Kivu. Alipanda malori, akavuka msitu mzima hadi Masisi kwenye ng'ombe na baridi, akarudi na jibini za mviringo, za njano, zilizofungwa katika magunia. Mama alikanda unga, akauacha uumuke, akaficha kipande cha jibini ndani ya kila donge, kisha akakwaruza nyingine juu yake pamoja na kitunguu na pilipili. Makaa yaliwekwa chini, mengine juu ya kifuniko cha bati, na ole wake mtoto aliyefunua kuchungulia.

Mama alikuwa na sheria yake: jibini ya mwisho haimalizwi mpaka nyingine iingie nyumbani. Kipande kilichobaki kilikaa kikapuni juu ya kabati, na siku Papa aliposhuka na magunia yake ndipo kilipookwa chote. Mikate ya siku hiyo haikuuzwa. Tuliila sisi, pamoja na Mama Losi, jirani yetu muuza samaki, ambaye daima alikuja wa kwanza kwa kisingizio cha kuomba chumvi.

Msimu mmoja wa mvua Papa aliondoka, akaacha nusu ya jibini kikapuni. Simu yake ikanyamaza. Sokoni watu walizungumza habari za vita na barabara, kisha wakageuza mazungumzo walipotuona. Mama aliendelea kuoka mikate mitupu. "Mama Masika, mukate yako sasa iko na upepo tu ndani!" wateja walimtania. Alicheka nao, akarudi ndani amekaza meno. Biashara ikadorora, sahani zetu zikawa nyepesi, na mdogo wangu Muhindo akawa analia jioni.

"Mama, tukate tu ile fromage," nilimwambia.

"Hapana. Ile iko ya papa yenu. Bon, kamata mukate yako, kula."

Niliichukia jibini ile. Ilikuwa imeota ukungu wa kijani, na bado ilipewa heshima kuliko sisi tuliokuwa na njaa.

Halafu, adhuhuri moja tukitoka shule, harufu ile ilitupokea kwenye kona ya barabara. Muhindo alipiga kelele, "Papa amefika!" Tukakimbia katika matope, ndala yake ikabaki nyuma. Uani watu walikuwa wamejaa, nami nikadhani wamekuja kumsalimu. Mama Losi alinishika mkono. "Masika, ngoja kwanza." Nikajinasua. Tonton Kambale, dereva aliyesafiri na Papa, alikuwa ameketi chini, bega limefungwa bendeji, na koti la Papa limekunjwa magotini pake. Hakuniangalia. Mama alikuwa amechuchumaa mbele ya tanuri, unga hadi kwenye nyusi, akitoa mikate mmoja mmoja na kuwagawia waliokuja kulia naye. Alikuwa amekwaruza ukungu wote, akaikata jibini yote.

Alitupatia na sisi. "Kuleni. Hakuna tena mutu mwenye tuko tunangoja."

Ndivyo tulivyopata habari. Tukala, kwa kuwa tulikuwa na njaa, na mikate ile ilikuwa mitamu. Utamu ule sijausamehe mpaka leo.

Sasa nami ni mama, katika mji huu huu, na nina tanuri la gesi lisilohitaji makaa. Barabara ya mashariki bado inameza watu, na jibini ikifika huwa ghali, imefungwa plastiki, wala hujui imepitia mikononi mwa nani. Nikiipata naioka yote siku hiyo hiyo. Binti yangu hulalamika, "Mama, tubakishe ya kesho." Namwongezea mkate mwingine, nasimama hapo mpaka aumalize. Sitaki nyumbani kwangu chakula kinachomngoja mtu.