Mama Alipoulizwa Anatoka Wapi

Hiyo siku naikumbuka, mwanangu, kama mutu anavyokumbuka jino alilong'olewa. Vita vilikuwa vimetutoa Kibumba, kijiji chetu kilichokuwa mikononi mwa waasi. Baba tulimuacha huko chini ya udongo, tukajenga kibanda cha maturubai Ndosho, pembeni ya mji, juu ya mawe ya volkano yaliyopoa. Kwetu hatukuwa watu wa kanisa. Lakini mama alisikia nyimbo, akasema, "Twende tuone hao wanaoimba na njaa."

Kanisani kulikuwa na desturi: mugeni anasimama, anasema jina na anakotoka. Mama akasema Kibumba. Shemasi Zakaria, namutaja kwa sababu watu wanapenda kuficha kwa kusema "mutu fulani", akamuuliza mbele ya wote: "Kibumba? Na waasi wenu mumewaacha wapi?"

Watu wakacheka. Na waliomuua baba ni hao hao waasi. Ulimi hauna mfupa, lakini unavunja mifupa. Mama akanishika mukono, tukatoka. Njiani akasema, "Mungu wao abaki nao."

Kesho yake akaja Mama Nyota wa kanisa lile, muuza sambaza wa soko la Kituku, na beseni la hao samaki wadogo kichwani. Hakufungua Biblia. Alichukua nyundo, akaanza kuvunja jiwe lililotuumiza mugongo tukilala.

"Unataka nini kwetu?" mama akauliza.

"Nataka hili jiwe liishe. Halafu munipe maji."

Akarudi, akarudi tena, akala nasi tulichopika. Mwisho mama mwenyewe akauliza: "Huyo Mungu wako, naye anauliza mutu anatoka wapi?"

"Anajua tayari, dada yangu. Ni Zakaria tu ndiye hajui."

Mama akacheka. Tangu tumuzike baba sikuwa nimemusikia akicheka.

Mama akaingia mafundisho. Siku ya ubatizo, pale ziwani, Zakaria akauliza, "Nani anamujua huyu?"

"Mimi," Mama Nyota akajibu. "Nimekula kwake. Wewe umekula kwa mugeni gani?"

Pasta akamushika mama mukono, akamuingiza majini.

Basi, mwanangu, wewe uliyepewa kazi ya kupokea wageni kanisani, na vita bado vinatuletea wengine: usimusimamishe mutu mbele ya watu umutoneshe kidonda. Mufuate kwake. Kaa chini, kula anachokula, ngoja aulize yeye. Akiuliza, mujibu kifupi. Zakaria sijamusamehe vizuri, bado naomba nguvu. Wewe usimuachie mutu mzigo kama huu. Mungu akupe miguu inayofika kwenye mulango wa mugeni, na ulimi unaojua kungoja.