Ufito Uliotolewa Pamoja na Kelele

Saa moja kasoro robo asubuhi, Mwalimu Klachi amepiga magoti kando ya barabara, kichwa chini ya dashibodi, miguu nje. Apitaye anaweza kudhani gari limejaribu kumeza mtu likashindwa kummaliza. Anauvuta ufito wa chuma mara moja, mara mbili, mara tatu. Haulegei.

"Haya, Bibi Cherehani, panda," anasema akijikung'uta vumbi. "Leo tunakwenda na breki zetu zote mbili."

Mwanafunzi wake, mshona nguo wa miaka hamsini na minane, anacheka. Lakini mkono wake unautafuta mkanda upesi. Wote wawili wanaikumbuka siku ambayo breki ilikuwa moja.

Mwalimu Klachi ana miaka kumi na tisa akifundisha watu kuendesha gari. Amefundisha zaidi ya watu elfu moja, na anaapa kwamba mmoja wao alikuwa akifumba macho kila kona ili asiogope. Kagari kake keupe kana kibao cha L juu ya paa na pedali ya breki upande wa mwalimu. Pedali hiyo haina uchawi wowote. Ufito wa chuma, mrefu kama mkono wa mtu mzima, unaiunganisha na pedali ya mwanafunzi. Mwalimu akikanyaga huku, breki inashika kule.

"Bila ule ufito mimi ni abiria mwenye mdomo tu," anasema.

Mumewe, fundi viatu, analalamika kwamba mkewe hukanyaga breki hata usingizini. "Nina alama kwenye muundi," anasema. "Ndoto za huyu mama zote zina mteremko."

Kasheshe ilianza mwezi uliopita, ufito ulipoanza kugongagonga kila gari lilipopita kwenye shimo. Mwalimu Klachi akalipeleka gari gereji kwa Fundi Milimita, bwana anayejigamba kwamba husikia nati ikilegea mtaa wa pili. Kwenye karatasi ya kazi akaandika maneno mawili kwa herufi kubwa: TOA KELELE.

Jioni alilikuta gari kimya kama limenuna. Akaliendesha mwenyewe hadi nyumbani, kwa breki ya upande wa dereva, akimsifu fundi njia nzima.

Asubuhi yake usukani ulikuwa kwa Bibi Cherehani, na mtihani wake ulikuwa keshokutwa. Walifika kwenye mteremko unaoshukia barabara kuu. Kule chini, lori la kokoto lilikuwa linakuja likitokea upande wa kulia.

"Bibi, punguza," mwalimu alisema.

Bibi Cherehani alikanyaga. Akakanyaga mafuta.

"Punguza, Bibi! Breki!"

Mwalimu akashusha mguu wake kwenye pedali ya upande wake. Ikazama mpaka sakafuni, laini, bila kushika kitu, kama mguu uliokosa ngazi gizani. Akakanyaga tena. Vilevile. Lori lilikuwa limekwisha kuwa kubwa kuliko kioo.

Akaivuta breki ya mkono kwa mikono yote miwili. Gari likapiga yowe, likajipinda, likazimika hatua mbili kutoka kwenye magurudumu ya lori.

"Niliona nati za lile gurudumu," anasema. "Nikazihesabu. Zilikuwa nane, na moja ilikuwa na kutu."

Bibi Cherehani akaondoa mguu kwenye mafuta, akauliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, hapo ningepata alama ngapi?"

Mwalimu akashika usukani mwenyewe, na nusu saa baadaye walikuwa gereji. Fundi Milimita aliingia kiti cha dereva, akakanyaga, akachomoza kichwa dirishani.

"Breki hii hapa, mama. Inashika kama mkwe aliyeona posa. Shida yako ni mwanafunzi."

"Sikuulizi hiyo. Nakuuliza ya upande wangu."

"Ya abiria? Abiria anakanyaga breki ya nini, dada yangu?"

"Mimi si abiria! Kulikuwa na ufito hapa. Uko wapi?"

"Sikuona ufito. Uliandika nitoe kelele, nimetoa. Sasa umekuja kuzirudisha?"

Mafundi wengine wakaangua kicheko. Mwalimu Klachi hakucheka. Alijua kwamba akitoka pale mikono mitupu, neno lake halitakuwa na shahidi, na Bibi Cherehani atakosa gari la mtihani. Zaidi ya hayo, hakuwa tayari kuteremka mteremko ule tena akiwa na mdomo tu.

"Nitasimama hapa mpaka uonekane," alisema.

"Simama nje basi. Sisi tuna kazi."

Fundi akawasindikiza hadi nje, akalisukuma geti, akaanza kusokomeza komeo kwenye pete zake. Komeo lilikuwa chuma kilichonyooka, kirefu kama mkono. Ncha yake ilikuwa nyekundu.

"Usiguse!" mwalimu alipiga kelele ambazo hakuna fundi angeweza kuzitoa. "Hiyo ni rangi yangu ya kucha! Nimeupaka mwenyewe ili nijue upande wa juu!"

Kicheko kikakatika. Fundi Milimita aliutazama ufito, akalitazama gari, akakitazama kibao cha L kana kwamba kimeota usiku uliopita. Alipoongea sauti ilikuwa imeshuka.

"Nilidhani ni chuma cha kufungia pedali, cha kuzuia wezi. Kilikuwa kinagonga. Nikasema, kelele si hizi hapa?"

"Ulinitolea kelele, kaka yangu. Ulibakiza kidogo unitoe na roho."

Kazi ya kuurudisha na kubadilisha vipira vya ncha zake ilichukua saa mbili. Fundi alipomkabidhi ufunguo, mwalimu aliupitisha moja kwa moja kwa Bibi Cherehani.

"Wewe fundi, panda. Kaa kiti changu."

"Mimi? Na huyu bibi?"

"Si umesema imepona?"

Mwalimu akakaa nyuma. Wakarudi kwenye mteremko uleule. Fundi Milimita, mtu wa maneno mengi, aliufunga mkanda, akaukaza mara mbili. Jasho lilimtoka mpaka kwenye vidole. Katikati ya mteremko mwalimu akamwambia Bibi aondoe mguu kwenye breki.

"Fundi, kanyaga."

Akakanyaga kwa nguvu ya miaka yake yote. Gari likasimama papo hapo, kofia ya fundi ikaruka ikagonga kioo.

"Imeshika," alinong'ona. Mguu wake haukutaka kutoka.

Bibi Cherehani alifaulu keshokutwa yake. Bado anakuja mara moja kwa wiki kujizoeza kwa ajili ya safari ndefu. Kwenye karatasi za gereji Mwalimu Klachi haandiki tena TOA KELELE. Anaandika: TAFUTA KELELE INATOKA WAPI, UNIITE. Na fundi hupanda kwanza kiti cha mwalimu ndipo gari litoke.

Mwalimu ana ndoto moja. Tangu aanze kazi hii hajawahi kupanda gari la mtu bila kukanyaga sakafu. Bibi Cherehani, ambaye mwanawe anamnunulia gari mwisho wa mwaka, ameahidi kumchukua wakamwone binti wa mwalimu, mwendo wa saa tano.

"Nitakaa mbele, nivue viatu, nilale," anasema Mwalimu Klachi. Kisha anautazama mteremko ulio mbele yao, anafikiri. "Nitavua cha kushoto. Cha kulia tutaona huko njiani."